Kushusha kebu mbele ya nyumba hapa Uingereza: hela yote hiyo inaenda wapi?

Dada mmoja anayeishi Midlands, katikati ya England, kaniandikia kuhusu kushusha kebu, yaani kuteremsha yale mawe ya ukingo wa barabara ili gari lipande mpaka mbele ya nyumba. Nafupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Tulinunua nyumba mwaka jana, mbele kuna kibustani tunataka tukifanye pakingi, maana mume wangu akitoka shifti ya usiku anazunguka mitaa mitatu kutafuta pa kuweka gari, na mama mkwe anatumia kiti cha magurudumu, kumtoa garini kule mbali kwenye mvua ni mtihani. Nimeangalia mambo ya kaunsili (halmashauri ya hapa) nikakuta ada ya maombi, halafu jirani anasema yeye kazi ilimtoka pauni 2,600. Sasa kuna jamaa kapita na vani anasema atatushushia kebu kwa pauni 650, keshi, Jumamosi moja tu imeisha. Kaka tofauti hiyo inatoka wapi, kaunsili wanatuibia? Bustani nimepima ni kama mita 5 kutoka ukutani, na kwenye njia ya miguu mbele yetu kuna vifuniko viwili vya chuma."

Nzuri dada yangu, na hongereni sana kwa nyumba. Nianze na la haraka kabla sijaeleza chochote: huyo wa vani msimpe hata senti moja, wala dipoziti, wala msimwambie Jumamosi ipi mtakuwepo nyumbani. Ntakwambia kwa nini, ila kwanza nikuoneshe hela inakokwenda, maana kazi hii ya kebu na lami nimeifanya miaka mingi hapa na kila mtu wa kwetu ananiuliza swali hilohilo, anaona mawe sita ya zege na lami kidogo anashangaa elfu mbili na mia sita zimetoka wapi.

Kitu cha kwanza ni kwamba ile njia ya miguu si yenu. Mmenunua nyumba na bustani, mpaka wenu unaishia kwenye ukuta mdogo wa mbele, kutoka hapo mpaka lami ya barabara ni mali ya serikali na anayeisimamia ni kaunsili yenye dhamana ya barabara. Sheria inayotawala jambo hili kwa England na Wales ni Highways Act ya mwaka 1980, kifungu cha 184, na Scotland wana yao ya 1984. Kwa hiyo mnapoomba kushusha kebu mnaomba ruhusa ya kubadilisha mali ya mwenzenu ili gari lenu lipite juu yake, na mkishamaliza kuilipia bado itabaki ni yake, nyie mnapata haki ya kupita tu. Watu wanakasirika wakisikia hivyo lakini ina faida yake, kwa sababu hiyo lami ikichakaa baada ya miaka anayeitunza ni yeye, si nyie.

Na hapo niweke angalizo dogo kwa nyie wa Midlands. Kama mnaishi mjini penye kaunsili moja tu basi ni hiyohiyo, lakini kama mna mbili, ya wilaya na ya kaunti, mambo ya barabara yako kwa kaunti. Nimeona mtu kasubiri wiki tano kumbe barua kaipeleka kwa wale wanaozoa taka. Wa London nao, ukiwa kwenye zile barabara zenye mistari myekundu, mwenye barabara ni TfL, mamlaka ya usafiri ya London, na si kaunsili ya mtaa wako.

Sasa hela. Kebu yenyewe dada, lile jiwe la zege, ni rahisi kuliko unavyofikiri. Urefu wake ni milimita 915, na pakingi ya gari moja kwa kawaida inataka mawe manne yaliyolala na mawili ya pembeni yanayoteremka, moja la kushoto moja la kulia, jumla sita, ukizidisha unapata kama mita 5 na nusu kando ya barabara. Mawe yote sita dukani ni kama pauni mia hivi. Kwa hiyo ukiniuliza "kaka kebu bei gani" jibu la kweli ni mia, zilizobaki zote zinalipia kinachofanyika nyuma ya hayo mawe na chini yake.

Ngoja nikueleze kazi inavyokwenda. Kebu ya kawaida imesimama juu ya barabara kama milimita 100 mpaka 125. Sisi tunatakiwa ibaki milimita 25 tu, upana wa vidole viwili ukivilaza, na inspekta akija anashusha rula yake pale kwenye mfereji anapima jiwe moja moja. Ikizidi, gari linagonga na tairi zinaumia. Ikipungua ikawa sawasawa na lami, maji ya mvua yanapanda yanaingia kwako, na kipofu anayetembea na fimbo hasikii tena njia ya miguu imeishia wapi akajikuta barabarani. Hizo milimita 25 zinalinda watu, ndo maana wanazing'ang'ania.

Sasa piga hesabu na mimi. Nikishusha kebu, ile njia ya miguu nayo lazima nishushe ilalie, kwa hiyo pale mbele nimepoteza karibu sentimita 10. Halafu njia ya miguu ya kawaida imejengwa kwa ajili ya miguu, ina lami nyembamba na kokoto kidogo chini, ukipitisha gari la tani moja na nusu au mbili kila siku itabonyea kama mkate. Lazima ing'olewe yote, pale kwenu kama ni pana mita 1.8 basi ni eneo la karibu mita 10 za mraba, tunachimba, tunaweka kokoto zile za kushindilia sentimita 15, juu yake lami nzito sentimita 6, halafu lami laini ya juu sentimita 2 na nusu au 3. Jumlisha: sentimita 24 za matabaka na zile 10 tulizoshuka, tumefika sentimita 34 chini ya pale ulipokuwa unakanyaga jana. Na kwa kanuni za huku nyaya za simu kwenye njia ya miguu zinalazwa kina cha sentimita 25 mpaka 35. Umeme wa nyumbani sentimita 45, gesi 60, maji 75, lakini hizo ni kanuni za kwenye karatasi, kwenye mitaa ya zamani nimekuta bomba la gesi juu kuliko simu.

Hapo ndipo kazi ilipo dada. Kuna asubuhi moja, sitasahau, tulikuwa kwenye mtaa wa nyumba za matofali mekundu za zamani, ramani za nyaya tulikuwa nazo mkononi na zilionesha umeme uko mbali upande wa pili wa barabara. Kabla ya kuchimba tunapitisha kile kifaa cha kutafutia nyaya, unakishika kama fagio unatembea nacho polepole, na kilipofika pale pa kushushia kebu kikaanza kulia. Nikamwambia kijana azime grainda, tukachukua sepeto za mkono zenye mpini wa plastiki, tukakwangua taratibu, na sentimita 20 tu chini tukaukuta waya mweusi mnene kama mkono wa mtoto, una umeme, hauna hata ule utepe wa njano wa kuonya. Kijiko cha mashine ya kuchimbia kingeshuka pale mara moja tu, yule kijana asingerudi kwao. Kwa hiyo unapoona kwenye bei kuna ramani za nyaya, kuna mtu mwenye kadi ya mafunzo ya kazi za barabarani, kuna bima ya pauni milioni 5 au 10, kuna vizuizi na alama za kuwapitisha watu salama, usione wanajaza karatasi. Ndo sehemu ya maana kuliko zote kwenye hiyo elfu mbili.

Sasa hivyo vifuniko vyako viwili. Toka nje ukaviangalie, vina maandishi. Kidogo cha ukubwa wa kiganja mpaka sahani ni koki ya maji, hicho mara nyingi kinashushwa kiwango tu na gharama si ya kutisha. Kirefu cha mstatili, cha chuma au zege, mara nyingi ni chemba ya simu au ya kampuni ya kebo ya televisheni, na hicho ndicho cha kuuliza mapema, kwa sababu chemba ya njia ya miguu haikujengwa kubeba gari, mwenyewe lazima aibadilishe mfuniko na wakati mwingine kuta zake, na hamruhusiwi nyie wala mimi kuigusa. Kampuni inaleta bei yake, na bei hiyo ni juu yenu. Nimeona ya mia kadhaa na nimeona iliyopita gharama ya kazi nzima. Ndo maana jirani kulipa 2,600 haikuambii nyie mtalipa ngapi, mita nne tu pembeni yako chini pako tofauti kabisa.

Baada ya kutazama chini tazama juu. Nguzo ya taa ikiwa katikati ya pale mnapotaka kupita, kuihamisha peke yake inaweza kuzidi pauni elfu moja. Nguzo ya simu vivyo hivyo. Mti wa barabarani ni mgumu zaidi, kaunsili nyingi hazikubali kabisa kukata mti mzima kwa ajili ya pakingi ya mtu na hata kuchimba karibu na mizizi wanakataa, na wakikubali wana njia zao za kuthaminisha mti kwa pauni, na mti mkubwa wa mjini unathaminishwa kwa maelfu. Kama pale mbele kuna maboksi ya kupaki yaliyochorwa kwa wakazi wenye vibali, kuyaondoa kunahitaji kubadilisha amri ya barabara kisheria, kutangaza, kusubiri, na hiyo nayo ni hela na miezi, na sehemu zenye uhaba wa pakingi wanakataa moja kwa moja. Wewe hukutaja hata kimoja kati ya hivi kwa hiyo natumaini mko salama, ila nimeviandika kwa ajili ya wengine watakaosoma.

Halafu kuna kibali cha mipango, wenyewe wanaita plening, ambacho ni kitu kingine kabisa na kile cha kebu, na watu wengi wanavichanganya wanadhani wakipata kimoja wamepata vyote. Barabara yenu ikiwa ni ya daraja, yaani A, B au C, mtahitaji plening pia. A na B unaziona kwenye vibao, lakini C mara nyingi haina kibao chochote, mtaa unauona wa kawaida tu kumbe umo kwenye orodha, kwa hiyo usikisie, ulizeni kaunsili kwa jina la mtaa. Fleti pia inahitaji, na nyumba zilizohifadhiwa kihistoria. Ada ya plening ya kazi kama hii ni mamia ya pauni juu ya zile za kebu. Kama ni mtaa mdogo usio na daraja na nyumba ni yenu ya familia moja, kwa kawaida hamhitaji.

Lakini kuna plening nyingine inayojificha ndani ya bustani yenyewe. Tangu tarehe 1 Oktoba 2008 hapa England, ukiziba bustani ya mbele zaidi ya mita 5 za mraba kwa kitu kisichopitisha maji, kama zege au lami ya kawaida, na maji yakawa yanatiririka kwenda barabarani, unatakiwa uombe kibali. Ukitumia changarawe, au matofali yale ya kupitisha maji, au ukaelekeza maji kwenye kipande cha bustani kilichobaki, hauhitaji. Mimi nakushauri hayo ya kupitisha maji, au kama ni lazima iwe zege basi uweke mfereji wenye wavu pale mpakani na maji yake yaishie ndani ya kiwanja chako, kwa sababu sheria ileile ya 1980 hairuhusu maji ya kwako yamwagikie watu kwenye njia ya miguu, na msimu wa baridi yale maji yanaganda barafu bibi wa watu anateleza anavunjika nyonga. Hili liseme mapema kwa fundi wa bustani maana wengi wao hawalitaji kabisa mpaka inspekta aje.

Sasa nije kwenye kitu kilichonitia wasiwasi kwenye barua yako kuliko vifuniko. Umesema bustani ni kama mita 5 kutoka ukutani. Dada, ukuta upi? Nyumba nyingi za huko kwenu zina lile dirisha la mbele lililotokeza nje kama tumbo, linakula sentimita 50 mpaka 70. Kaunsili hawapimi kutoka ukutani, wanapima kutoka pale palipotokeza zaidi mpaka mwanzo wa njia ya miguu, na wengi wanataka angalau mita 4.8 kwenda ndani na mita 2.4 upana, wengine wanataka mita 5 kamili. Sababu ni kwamba hawataki gari likae mkia wake uko kwenye njia ya miguu, mama mwenye kigari cha mtoto anashuka barabarani kulizunguka. Kwa hiyo chukua futi, kaa pale chini ya dirisha, pima tena, toka kwenye kizingiti cha dirisha, na kumbuka mlango wa nyumba nao lazima ufunguke na mtu apite pembeni ya gari. Wewe una mama mkwe wa kiti cha magurudumu kwa hiyo mita 2.4 haitakutosha, ukifungua mlango wa gari na kiti kikae pembeni ukamhamisha vizuri bila kumkwaruza unahitaji kama mita 3.3 hivi au zaidi. Kama ukipima unapata 4.3, bora ujue leo kuliko baada ya kulipa ada ya maombi, kwa sababu ada hiyo hairudi hata wakikataa. Kila kaunsili ina kiwango chake, nimeona chini ya mia na nimeona mia tatu na kitu, ila ya kutorudi ni karibu wote.

Na kwa kuwa kuna mgonjwa wa miguu ndani ya nyumba, usijaze fomu kimyakimya. Waambie. Baadhi ya kaunsili zinapunguza au zinasamehe ada kwa mwenye ile beji ya bluu ya walemavu, plening kwa ajili ya mahitaji ya mlemavu kwa kawaida haina ada, na kuna ile ruzuku ya kurekebisha nyumba kwa walemavu, England inafika mpaka pauni 30,000 kwa kazi za ndani na za kumwezesha mtu kuingia na kutoka nyumbani kwake. Sikuahidi kwamba watalipa kebu, inategemea kaunsili na inategemea yule afisa wa tiba atakayekuja kumwangalia mama anavyoishi, lakini ombeni hiyo tathmini kabla ya kazi kuanza kwa sababu wakishakuta mmeshafanya hawalipi kilichopita. Watu wetu wanaona haya kuomba, wanasema tutajibana wenyewe. Mama analipiwa na utaratibu uliowekwa kwa ajili ya watu kama yeye, hakuna aibu hapo kabisa.

Tuje kwenye nani anafanya kazi. Kuna kaunsili ambazo zinafanya zenyewe tu au kwa kontrakta wao mmoja, bei wanayokupa ndo hiyohiyo, hakuna kupatana. Kuna nyingine zina orodha ya makontrakta waliowaidhinisha, nyie mnachagua, mnachukua kwotesheni tatu, na hapo ndo mnaweza kuokoa mia tatu mia nne. Mkichukua kwotesheni ulizeni kila mmoja maswali manne haya bila kuona soni: hii bei ina VAT ndani au bado, maana asilimia 20 ya elfu mbili ni mia nne, je, inajumuisha leseni ya kuchimba barabara, vifuniko vimehesabiwa au vitakuja baadaye kama nyongeza, na udongo unaotoka nani anaubeba. Mwenye bei ya chini mara nyingi hajahesabu viwili kati ya hivyo. Kingine, kama jirani wa ubavuni mwenu naye anafikiria kushusha, ombeni pamoja. Mkiunganisha mnapunguza mawe ya kuteremka, vizuizi vinawekwa mara moja, watu wanakuja siku moja, na gharama ya kuanzisha kazi inagawanyika. Hata kama jirani keshashusha ya kwake, kaeni mpakani mwake kama nafasi inaruhusu, mtatoa lile jiwe lake la kuteremka mtaendelea kutoka hapo.

Kwa ukubwa wa kwenu, gari moja, njia ya miguu ya kawaida, hakuna nguzo wala mti, mtaa usio na daraja, kazi ya kebu ninazoziona zinaangukia kati ya pauni elfu moja na nusu na elfu tatu ukijumlisha na ada. Ya jirani ya 2,600 imo ndani. Mkikuta chemba inataka kubadilishwa mtapita hapo. Na kumbukeni hiyo ni kebu tu mpaka mpakani, kutengeneza bustani yenyewe iwe pakingi ni hesabu nyingine, na mara nyingi ndo kubwa zaidi ya hizi mbili, msije mkamaliza akiba kwenye kebu mkabaki na tope mbele ya nyumba.

Sasa huyo wa vani. Kuna mzee wetu mmoja, namheshimu kama baba, aliwahi kumpa mtu wa namna hiyo pauni 700 Jumapili asubuhi. Saa nane mchana kazi imeisha, lami nyeusi inang'aa, mzee kafurahi kanipigia kunisifia. Nilipopita baada ya miezi mitano, baada ya baridi, mawe mawili yalikuwa yamelala upande kwa sababu hayakuwekewa zege chini wala nyuma, yaliwekwa kwenye mchanga tu, na ile lami ilimwagwa juu ya udongo, nikaibonyeza kwa kisigino ikazama. Maji yalikuwa yamesimama pale katikati. Kaunsili ikaleta barua: kazi haina leseni, inang'olewa, njia inarudishwa ilivyokuwa, bili inakwenda kwa mwenye nyumba, na akitaka kushusha kebu aanze maombi upya kama mtu mpya. Aliyemfanyia hapokei simu, vani haina jina. Mzee alilipa mara tatu: ile 700, ya kurudisha, na ya kufanya upya. Mke wake aliniambia walikuwa wameziweka za kwenda kuwaona wajukuu nyumbani. Mimi hiyo inaniuma mpaka leo maana angenipigia Jumamosi badala ya Jumapili ningemzuia.

Na hata isingezama. Kebu isiyo na kibali haikulindi. Mtu akipaki mbele ya kebu halali kaunsili nyingi zina uwezo wa kumpiga faini ukiwapigia simu, lakini wakitazama kwenye rekodi zao wakaona pale kwako hakuna kebu, aliyekosea ni wewe unayepitisha gari juu ya njia ya miguu. Na siku mkiuza nyumba, wakili wa mnunuzi ataomba ile karatasi.

Wengine wanaponiuliza wanataka njia ya katikati, wanaweka mbao au zile ngazi za mpira kwenye mfereji wa barabara wapande nazo. Usifanye hivyo nawe, mvua ikija maji yanazibwa, baiskeli inagonga usiku, na mtu akiumia atakayejibu ni nyie.

Kama mume wako anafikiria gari la umeme basi pakingi ya mbele inaanza kujilipa yenyewe, umeme wa nyumbani una VAT ya asilimia 5 wakati chaja za barabarani kwa kawaida zimekuwa zikitozwa asilimia 20, na tarifu za usiku za magari ya umeme zimekuwa chini ya peni 10 kwa yuniti wakati chaja za haraka za njiani watu wanalipa peni 70 na zaidi. Kwa mtu wa shifti anayeendesha kila siku hiyo si hela ndogo. Waambieni mafundi wa bustani wapitishe bomba tupu la waya chini ya pakingi wakati bado pako wazi, linagharimu kidogo sana siku ile, na hata msiponunua hilo gari sasa hamtakuja kung'oa matofali baadaye.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kesho asubuhi pima pale chini ya dirisha. Piga picha vifuniko vyote viwili kwa karibu maandishi yasomeke, piga na ya njia ya miguu kutoka upande wa pili wa barabara ionekane nyumba nzima. Tafuta jina la mtaa kwenye kaunsili uulize kama una daraja, uangalie pia umbali mpaka kwenye kona, maana wengi hawakubali kebu ndani ya mita 10 kutoka makutano ya barabara. Angalia hati ya nyumba kama haina sharti linalokataza kuondoa ukuta wa mbele, nyumba za mitaa mipya huwa nayo, na kama mna mkopo wa nyumba au mwenye ardhi mwingine mwulizeni. Pigia ofisi ya huduma za jamii kuhusu tathmini ya mama. Halafu ndo mjaze fomu. Jibu linaweza kuchukua wiki kadhaa mpaka miezi miwili mitatu, inspekta atakuja atachora rangi chini, atawapa bei au ruhusa ya kutafuta kontrakta, na ruhusa ina muda wake, msiiweke kabatini mwaka mzima. Kama mtaweka geti lifungukie ndani, la kufungukia nje kwenye njia ya watu haliruhusiwi, na ukuta unaobaki pembeni uwe mfupi, chini ya sentimita 60 hivi, ili ukirudi nyuma umwone mtoto anayepita na skuta.

Na huo ukuta wa mbele wa sasa uacheni ulivyo, msiuvunje hata tofali moja, wala fundi wa bustani asiwaambie ataanza ya kwake wakati mnasubiri, mpaka barua ya kukubaliwa iwe mkononi mwenu.